Kabla ya Kumpakia Garini

Tarehe 1 Julai 2022, Vincent Iwuchukwu, mchezaji mpya wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, alianguka mazoezini. Moyo wake ulikuwa umesimama. Wahudumu wa timu waliokuwa karibu walimshughulikia palepale mpaka moyo ukarudi, na Januari iliyofuata akavaa jezi na kucheza. Mwaka mmoja baadaye, Julai 24, 2023, katika timu hiyohiyo, Bronny James, mwanafunzi wa miaka 18 na mtoto wa nyota LeBron James, naye alianguka mazoezini, naye moyo ukasimama. Siku tatu baadaye aliruhusiwa kutoka hospitali. Desemba 10 ya mwaka huohuo aliingia uwanjani kucheza mechi yake ya kwanza ya chuo.

Vijana wawili, chuo kimoja, miaka miwili mfululizo. Madaktari bingwa walifanya kazi yao baadaye, lakini kilichowafikisha vijana hao mikononi mwa madaktari wakiwa hai ni dakika chache za mwanzo, na dakika hizo zilikuwa za watu waliosimama pembeni ya uwanja wakijua la kufanya.

Sasa tuwahamishe vijana hao. Tuseme aliyeanguka si mchezaji mwenye wahudumu wa timu bali mwanafunzi wa ualimu, na hakuanguka uwanjani bali kwenye korido ya bweni, saa nne usiku. Waliomzunguka ni wenzake wa chumba, wa mwaka wa kwanza na wa pili, wanaosoma uhasibu, sheria, kilimo. Nani atapiga magoti?

Swali hilo watafiti wamewauliza wanafunzi wa vyuo katika nchi nyingi, na majibu yanafanana kiasi cha kusikitisha. Mjini Riyadh, Saudi Arabia, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu ulikuta kwamba wengi wao wana mtazamo mzuri kuhusu kufufua moyo na mapafu, ile huduma ambayo vijana wengi huiita kwa herufi zake tatu, CPR, lakini ujuzi wao ni haba. Ukiwauliza kama wangependa kujifunza, mikono inanyooka. Ukiwauliza kifua kinabanwa wapi, kwa kina gani, mara ngapi kwa dakika, mikono inashuka. Tafiti za namna hiyo zilizofanywa Asia, Mashariki ya Kati na Afrika zimerudia picha ileile: moyo wa kusaidia upo, mafunzo hayapo, na waliowahi kufundishwa wengi wamesahau.

Hapa kwetu hakuna haja ya utafiti kujua kama watu wana moyo wa kusaidia. Mtu akianguka sokoni Kariakoo au kituo cha daladala Mwenge, umati hujaa kabla hajatulia chini. Huyu analeta maji, yule anampepea kwa daftari, mwingine anasema ainuliwe akae. Kisha hutokea sauti moja, yenye mamlaka kuliko zote: mpakieni garini! Na mgonjwa hubebwa mikono na miguu, kichwa kikining'inia, akasukumizwa kwenye bajaji au siti ya nyuma ya teksi, na safari ya hospitali ikaanza.

Watu hao wana huruma ya kweli, na kwa mgonjwa aliyezimia tu, au mwenye homa kali, kumpeleka haraka hospitali ni jambo jema. Lakini kwa yule ambaye moyo wake umesimama, kila dakika inayotumika kumbeba, kubishana na dereva na kukata foleni ya magari ni dakika ambayo ubongo haupati damu. Wataalamu wanakadiria kwamba nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kifua kubanwa na bila mashine ya kushtua moyo. Dakika kumi ndani ya foleni ya Ubungo jioni si muda mrefu. Kwa mtu huyo ni muda wote aliokuwa nao. Ndani ya bajaji inayorukaruka hakuna awezaye kubana kifua ipasavyo hata kama anajua.

Swali la kwanza, basi, kabla ya kutafuta gari, linapaswa kuwa hili: anapumua?

Kulijibu si vigumu, ila linahitaji utulivu ambao huja kwa mazoezi. Mguse mabegani, mwite kwa sauti. Asipoitika, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde kumi. Kisipopanda na kushuka kama kawaida, moyo uchukuliwe kuwa umesimama. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu mtu ambaye moyo wake umetoka kusimama mara nyingi hutoa mikoromo ya hapa na pale, kama anayetafuta hewa, na watazamaji hupumua kwa faraja wakisema yuko hai. Mikoromo ile haimpi hewa. Wengine hutikisika kidogo mwili moyo unaposimama, na hapo umati hurudi nyuma kwa hofu ya kifafa, maana imani kwamba ukigusa mate ya mwenye kifafa utaambukizwa bado inatembea, hata mabwenini. Kifafa hakiambukizi kwa njia yoyote. Na mtu aliyeachwa alale peke yake kwa sababu ya uvumi huo huenda hakuwa na kifafa kabisa.

Baada ya hapo kazi ni ya mikono. Mgonjwa alale chali mahali pagumu, si kitandani. Kitako cha kiganja kimoja kiwekwe katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, cha pili juu yake. Viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya mikono, uzito wa mwili ushuke. Kifua kizame sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kisha kiachwe kirudi chote kabla ya kubanwa tena. Mwendo ni mibano 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu miwili kila sekunde. Aliyefunzwa kutoa pumzi hubana mara 30, akapuliza mbili, akarudi kubana. Anayebana huchoka haraka mno, na uchovu hupunguza kina bila mwenyewe kujua, ndiyo maana watu hupokezana kila dakika mbili.

Ifahamike kwamba anayebana kifua kwa kawaida hauwashi moyo. Anachofanya ni kuusaidia mwili kama mtu anayesukuma bomba la kisima kwa mkono wakati umeme umekatika: damu inaendelea kufika ubongoni, kidogo lakini ya kutosha, mpaka kitu kingine kiuamshe moyo. Mfano ulio hai ni Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Uingereza. Machi 17, 2012, akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham katika Kombe la FA mjini London, alianguka akiwa na miaka 23. Daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki, Andrew Deaner, alishuka uwanjani kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Kifua kilibanwa, mashine ikamshtua tena na tena uwanjani na ndani ya gari, na kazi ikaendelea hospitalini. Hakurudi kucheza, lakini alirudi nyumbani kwake akitembea, akizungumza, akilea watoto.

Miaka tisa baadaye, Juni 12, 2021, mamilioni ya watu duniani, wakiwemo wanafunzi waliojazana kwenye vibanda vya kuonyesha mpira kuanzia Mbeya hadi Kisumu, waliona mechi ya Denmark na Finland ikisimama mjini Copenhagen. Christian Eriksen alikuwa amelala nyasini. Nahodha wake, Simon Kjær, alimkimbilia, na wachezaji wakajenga ukuta wa miili kumsitiri wakati wahudumu wakimbana kifua na kumshtua. Eriksen alipona na akarudi kucheza soka la ushindani.

Ilikuwa bahati kwamba alianguka mbele ya wahudumu wenye mashine, lakini nchi aliyoangukia ilikuwa imeanza zamani kupunguza utegemezi wa bahati. Mwaka 2001, katika kila watu 100 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali Denmark, ni 21 tu waliobanwa kifua na mpita njia au ndugu. Mwaka 2005 nchi hiyo ilifanya mafunzo ya CPR kuwa ya lazima katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ikamtaka kila anayeomba leseni ya udereva awe amefunzwa. Kufikia 2010, waliosaidiwa na raia walikuwa karibu 45 katika kila 100. Waliokuwa hai siku 30 baada ya kuanguka walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Watafiti waliochapisha takwimu hizo mwaka 2013 walitahadharisha kwamba huduma za gari la wagonjwa na hospitali nazo ziliboreka katika kipindi hicho, hivyo sifa yote haiwezi kwenda kwa raia. Hata hivyo, Mdenmaki anayeingia chuo kikuu leo kisheria alipaswa kuwa ameshapiga magoti mbele ya mdoli wa mafunzo angalau mara moja maishani. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret huenda akahitimu shahada ya pili bila kufanya hivyo.

Inapendeza kukumbuka kwamba elimu hii yenyewe ilijengwa pia na vijana wa vyuo, ingawa vitabu huwataja zaidi maprofesa. Mjini Baltimore, Marekani, miaka ya 1950, daktari Peter Safar alitaka kuthibitisha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inaweza kumweka hai mtu asiyepumua. Alihitaji watu wazima walio hai ambao hawapumui, na akawapata: watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi wa udaktari, waliokubali kulazwa usingizi na kupigwa dawa ya kulegeza misuli yote, hata ile ya kupumulia, huku wengine wakiwapulizia hewa kwa midomo. Mjini humohumo, katika maabara ya Johns Hopkins, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven alikuwa akitafuta namna ya kushtua moyo bila kupasua kifua. Kijana aliyefanya kazi naye, Guy Knickerbocker, aligundua mwaka 1958 jambo ambalo halikuwa katika mpango: vibamba vizito vya mashine vilipokandamizwa kwenye kifua cha mbwa, shinikizo la damu lilipanda hata kabla ya umeme kupita. Mkandamizo wenyewe ulikuwa unasukuma damu. Wakiwa na daktari wa upasuaji James Jude walichapisha matokeo yao mwaka 1960, na mwaka huohuo pumzi za Safar na mikono ya Kouwenhoven ziliunganishwa kuwa huduma moja. Huko Stavanger, Norway, mtengenezaji wa midoli ya watoto, Asmund Laerdal, akatengeneza mdoli wa kufundishia. Norway ilianza kufundisha pumzi za kuokoa shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Tanganyika ikipata uhuru.

Wanafunzi wale wa Baltimore walikubali kuacha kupumua ili wengine wajifunze. Mwanafunzi wa leo anaombwa kidogo sana: saa mbili.

Kwa nini basi hata aliyesikia mambo haya husita? Hofu ya kwanza ni ya kuumiza. Mtu anaogopa atavunja mbavu, na ukweli ni kwamba mbavu huvunjika, tena mara nyingi, hasa za wazee. Lakini mtu ambaye moyo wake umesimama ameshafika mahali ambapo hakuna dhara kubwa zaidi la kumfanyia. Ubavu huunga. Na ikitokea umekosea, ukambana kifua mtu ambaye moyo wake ulikuwa ukipiga, madhara makubwa hutokea mara chache, naye atakuonyesha mwenyewe kwa kusogea au kusukuma mkono wako.

Hofu ya pili ina historia yake katika ukanda wetu. Kizazi kinachosoma vyuoni leo kimekua na mabango ya UKIMWI kwenye kuta za zahanati, kimefundishwa tangu darasa la tano kuogopa majimaji ya mwili wa mwingine. Elimu hiyo imeokoa maisha, na si haki kuilaumu. Ila mate si njia ya kuambukiza virusi hivyo, na hakuna kisa kilichothibitishwa cha mtu kuambukizwa Virusi vya UKIMWI kwa kumpulizia mgonjwa pumzi. Asiyetaka kugusa mdomo wa mtu asiyemjua, au anayeona damu, anaweza kubana kifua tu bila pumzi. Shirika la Moyo la Marekani liliruhusu rasmi njia hiyo kwa raia tangu 2008, kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, na ni bora mara nyingi kuliko kusimama ukitazama.

Ipo hofu ya tatu, ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini: mvulana kumgusa msichana kifuani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika maeneo ya wazi wanaume 45 kati ya 100 walisaidiwa na wapita njia, wanawake 39. Ikiwa hata huko tofauti ipo, Zanzibar, Lamu au Tanga, ambako stara ni sehemu ya malezi, jambo hili lazima liwekwe mezani darasani, wavulana na wasichana wakiwa pamoja. Kubana kifua hakuhitaji kuvua buibui wala blauzi. Mikono huwekwa katikati, juu ya mfupa, si juu ya matiti. Mashine ya kushtua ndiyo inayohitaji ngozi iliyo wazi, na wanawake wa pwani wanajua tangu zamani kazi ya kanga: wanne wakisimama na kuzishika kuzunguka, mgonjwa anasitirika kuliko alivyositirika Eriksen. Msichana anapaswa kuokolewa kwa haraka ileile anayookolewa nayo kaka yake.

Ya nne ni polisi. Wengi wanaogopa kwamba mgonjwa akifia mikononi mwao wataulizwa maswali ya mtuhumiwa. Nchini Tanzania kila mtu anaijua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na yule aliyempeleka mgonjwa hospitali mara nyingi ndiye anayetakiwa kueleza. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria za kumlinda msamaria mwema. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kumwacha mtu aliye hatarini ilhali ungeweza kumsaidia ni kosa la jinai, na hakuna leseni ya udereva bila kozi ya huduma ya kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, nayo ni nguzo nzuri, ila inamsemea mgonjwa kuliko inavyomsemea mpita njia. Wanafunzi wa sheria wa Mlimani na Nairobi wangefanya kazi ya maana wakiandika, kwa lugha ya ukurasa mmoja, nini sheria za nchi zao zinasema kuhusu anayesaidia kwa nia njema, na ukurasa huo ukabandikwa mlangoni mwa kila bweni.

Liko pingamizi zito kuliko hofu zote hizi, nalo hutolewa na watu wenye akili timamu: CPR ni ya nchi zenye magari ya wagonjwa na mashine za kushtua moyo kwenye kila kituo cha treni. Hapa, hata ukibana kifua vizuri, utakuwa unasubiri nini?

Pingamizi hili lina ukweli. Hata Marekani, ambako watu zaidi ya 350,000 kwa mwaka husimama moyo nje ya hospitali, wanaopona ni takriban mmoja katika kumi. Mtu ambaye moyo wake umeharibika mdundo unaohitaji umeme kuurekebisha, akianguka kijijini kusiko na mashine, nafasi yake ni ndogo sana. Kumwambia mwanafunzi kwamba CPR huokoa kila mtu ni kumwandalia majeraha ya moyo wake mwenyewe siku atakapojaribu na kushindwa. Mkufunzi mwaminifu husema hilo mapema.

Lakini pingamizi hilo limebeba dhana kwamba vijana wetu huanguka kama wanavyoanguka wazee wa Ulaya, kwa mishipa ya moyo iliyoziba. Sivyo ilivyo mara nyingi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, Mwanza, jirani na Ziwa Victoria. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo mfupi kutoka baharini. Wanafunzi wa Dar es Salaam hujaza Coco Beach kila mwisho wa juma, na wengi wao hawajui kuogelea. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 iliweka kuzama miongoni mwa sababu kumi kubwa za vifo vya watu wa umri wa mwaka 1 hadi 24 katika kila kanda ya dunia. Ongeza umeme wa mabwenini, hita za kuchemshia maji zenye nyaya zilizochunika, soketi moja inayolisha vyumba vitatu.

Aliyezama moyo wake haukuanza kwa kuharibika mdundo. Umesimama kwa kukosa hewa. Akipewa hewa mapema, moyo huweza kurudi bila mashine yoyote. Kwa hiyo kwake yeye ile njia ya kubana kifua bila pumzi haitoshi. Mwongozo wa Ulaya unaelekeza aliyezama apewe kwanza pumzi tano, ndipo kifua kibanwe, kisha 30 kwa 2. Hapa ndipo mtaala wa vyuo vyetu unapaswa kuachana na ule wa video fupi za mtandaoni zilizotengenezwa kwa ajili ya mzee aliyeanguka kwenye duka la Chicago. Mwanafunzi wa Mwanza lazima ajue pumzi. Na lazima aambiwe aache yale yanayofanywa ufukweni kwa nia njema: kumning'iniza kichwa chini, kumlaza tumbo juu ya pipa, kumbinya tumbo ili atapike maji. Ulaya nayo ilifanya hayo. Chama cha kuokoa waliozama kilichoanzishwa Amsterdam mwaka 1767 kilipendekeza hata kupuliza moshi wa tumbaku kupitia njia ya haja kubwa. Tumbo likibinywa, kinachopanda ni matapishi, nayo huingia mapafuni. Kwa aliyepigwa na umeme jambo la kwanza ni kuzima swichi kuu kabla ya kumgusa, la sivyo watalala wawili.

Na hata kwa magonjwa ya moyo, vijana hawajaachwa. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki. Video yake ilisambaa duniani. Kila chuo kina uwanja, kina mashindano ya vitivo, kina mbio za hisani za Jumamosi. Ni vingapi vina mashine moja ya kushtua moyo katika zahanati yake, na mtu anayejua ufunguo wa kabati uko wapi saa kumi na moja jioni?

Mafunzo yenyewe hayatoshi yakiwa ya karatasi. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba hata miongoni mwa wahudumu wa afya, waliofikia alama nzuri za maarifa na vitendo vya CPR walikuwa wachache. Muhimbili ndiyo iliyofungua idara ya kisasa ya tiba ya dharura mwaka 2010 na kuanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Kwamba watafiti wa hospitali hiyo walithubutu kujipima na kuchapisha matokeo yasiyopendeza ni jambo la kuheshimiwa sana, na linawafundisha wengine kitu: ujuzi wa mikono huchakaa. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba huanza kupotea ndani ya miezi mitatu hadi sita baada ya mafunzo. Cheti kilichowekwa kwenye fremu mwaka wa kwanza hakina mikono mwaka wa tatu.

Kwa sababu hiyo semina kubwa ya siku moja, yenye mgeni rasmi, fulana na picha ya pamoja, si kitu cha kutamani. Afadhali nusu saa kila muhula. Afadhali watu kumi na mbili kuzunguka midoli miwili kuliko mia tatu ukumbini wakitazama slaidi. Midoli ni ghali, na vyuo vingi havina. Lakini mto mgumu uliokunjwa na kufungwa kamba unatosha kumzoesha mtu mwendo, mkao wa viwiko na uchovu wa dakika mbili, kisha akakutana na mdoli halisi siku chama cha Msalaba Mwekundu kinapokuja. Chama hicho kina wakufunzi wa huduma ya kwanza Tanzania na Kenya, na kimezoea kufanya kazi na vijana wa kujitolea. Vyuo vya afya vina wanafunzi wa uuguzi na udaktari ambao wangejifunza zaidi kwa kuwafundisha wenzao wa kilimo na uhasibu.

Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mwaka 2015 wito wa kuwafundisha watoto CPR saa mbili kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Ni lengo jema, na siku moja litafika katika shule zetu za sekondari. Chuo kikuu kina nafasi ya kuanza kesho. Wanafunzi wamekusanyika mahali pamoja, wana nguvu za mwili, wanaishi bega kwa bega, na baada ya miaka mitatu wanatawanyika kuwa walimu Kigoma, mabwana shamba Njombe, maofisa wa benki Kakamega. Mwalimu mmoja aliyefunzwa anaweza kuwa mtu pekee katika kata nzima anayejua kwamba mtoto aliyetolewa kisimani anahitaji pumzi kwanza.

Tangu 2018, Oktoba 16 imekuwa siku ya dunia ya kuwahamasisha watu kuhusu kuamsha moyo uliosimama. Huangukia karibu na wiki ambazo vyuo vingi vya Tanzania hupokea mwaka wa kwanza, wanapopanga foleni ya usajili, ya kitambulisho, ya chumba, ya bima. Foleni moja zaidi iongezwe hapo, ya kupiga magoti na kubana kwa dakika mbili chini ya jicho la mkufunzi, na jina la kila aliyefanya liandikwe katika daftari la bweni lake. Wawemo humo walinzi wa geti, kwa kuwa usiku wa manane wao ndio huitwa kwanza. Wawemo mama lishe wa kantini na vijana wa bodaboda wanaoegesha nje ya chuo, maana usafiri ukihitajika wao ndio watakaoitwa, na ni vyema wajue kungoja mpaka anayebana aseme sasa tunaweza kumbeba.